Kidole cha Kumi na Moja

Ninalisimulia jambo hili mwenyewe kwa sababu Garsen nzima imekwisha kulisimulia kwa niaba yangu, na kila anayelisimulia anatia chumvi yake, mpaka juzi pale stendi mama mmoja muuza maembe, ambaye hata hanijui, alinipa mimi mwenyewe kisa cha katibu mmoja mwongo wa huko upande wa Kulesa, nami nikasimama na embe langu mkononi nikitikisa kichwa kama mtu anayeshangaa mambo ya watu. Basi afadhali mlisikie kwangu. Katibu huyo ni mimi, na nilifanya.

Naitwa Sidi. Kikundi chetu cha wakulima kina nyumba thelathini, na ukatibu nilipewa kwa sababu ya mwandiko (nina mwandiko mzuri, hilo hata wasionipenda wanalikubali). Mto ulipofurika mara ya mwisho uliingia mashambani, ukaingia majumbani, na kibaya kuliko vyote ukaingia kwenye mbegu. Mpunga na mahindi tuliyoweka vikaota humo humo ndani ya magunia. Maji yalipotoka tulibaki na matope meusi mazuri ya kupanda na hatuna cha kupanda. Ndipo mwenyekiti wetu, Mama Amina, mkulima wa mpunga, mjane, mtu wa maneno machache, akasema tujenge ghala la mbegu juu ya nguzo, mahali maji hayafiki, na kwa kuwa uwezo wa kulijenga hatuna, tuandike kuomba ufadhili. Wote wakageuka wakaniangalia mimi na mwandiko wangu.

Nikatumwa Garsen kwenye mafunzo ya siku mbili ya kuandika maombi ya miradi. Mwezeshaji alisema mengi, na mengi yalinipita, ila mawili yalinikaa. La kwanza ni tathmini: kabla hujaanza mradi, upite nyumba kwa nyumba uulize watu wanaishije leo, wanakula mara ngapi, wana mbegu kiasi gani, ili mradi ukiisha uulize tena uone kama kuna kilichobadilika. La pili ni uendelevu: wafadhili wakifunga mabegi wakaenda zao, nani ataubeba mradi. Mambo mazuri, tena ya haki. Lakini mimi, juu ya bodaboda njiani kurudi, nilikuwa nimeshajielewesha vyangu, kwamba kwenye tathmini tuonekane hatuna kitu kabisa, ili mbele tuonekane tumepanda sana, na kwenye uendelevu tuonekane tunaweza kila kitu, ili watuamini. (Kila ukurasa ukiusoma peke yake ulikuwa mtamu. Taabu ni kwamba kurasa hubanwa pamoja.)

Fomu zikaja thelathini, moja kwa kila nyumba, ila wao wanaandika "kaya", na sisi Wagiriama tukisikia kaya tunawaza msitu wa wazee, kwa hiyo nyumba mbili tatu za mwanzo nilitumia muda mrefu kueleza kwamba hakuna anayeulizia mizimu ya mtu. Nilienda kwa miguu nyumba kumi na tisa, siku nne, jua kali, nikauliza kila swali, nikaandika kila jibu. Hizo kumi na tisa ninaapa ziko sawa. Kumi na moja zilizobaki ziko ng'ambo ya mkondo wa zamani wa mto, ambao msimu ule ulikuwa umejaa, na mwenye mtumbwi alikuwa amekwenda matangani Ngao, na mvua ilikuwa inanyesha, na siku ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa kesho yake. Ningeweza kungoja mtumbwi. Ningeweza kupiga simu nikaomba siku moja zaidi. Lakini mimi nikiwa na jambo la kumaliza situlii, hutembea ndani ya nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, na hapo nikaamua kidogo tu, uamuzi mdogo kabisa, nikajiambia, Sidi, wale watu si unawajua, umekua nao, kwani kuna jipya gani?

Nikaenda Garsen kwenye saiba ya Abdi, ile wanakopiga chapa na kutoa kopi karibu na soko la mbuzi, nikakaa kwenye kona, nikajaza. Mwanzo nilijaribu kuwa mwaminifu kwa kila mtu, huyu ana mbuzi, huyu ana choo. Kufika fomu ya tatu mkono ukachoka, nikakumbuka kwamba tukiwa chini zaidi tutapanda zaidi, basi nikawa nashusha alama moja kwa moja kwenye safu ya mwisho, kutoka juu hadi chini, bila hata kusoma maswali. Mlo mmoja kwa siku. Hakuna choo. Hakuna akiba ya mbegu. Hakuna, hakuna, hakuna. Nyumba tisa nikazifukarisha kwa muda wa kunywa soda moja.

Chini ya kila fomu palitakiwa saini ya mkuu wa kaya, au alama ya kidole kwa asiyejua kuandika. Kughushi saini kumi na moja kwa mwandiko mmoja, hapana, hilo hata mimi niliona ni wizi. (Ona akili ya mtu ilivyo, saini niliona ni wizi na kidole nikaona ni kazi.) Nikaazima kwa Abdi kile kikopo cha wino wa mhuri nikaanza, dole gumba, cha shahada, cha kati, na kuendelea, mkono huu na ule. Abdi alipopita kukusanya fomu za kuskani alizitazama, akaniuliza kwa upole kama hawa watu wangu wote ni wa mama mmoja, maana vidole vyao vimefanana. Nikamwambia ni ukoo mmoja. Akaskani, tukatuma.

Baada ya hapo nilikaa vibaya. Usingizi haukuja sawasawa, simu ikilia nashtuka, na simu ilipolia kweli ilikuwa ya kheri, kwamba ombi letu limependeza, limebaki miongoni mwa machache, na afisa wao atakuja kututembelea kabla ya kuamua. Kikundi kikashangilia. Mimi nikashangilia pia, halafu nikaenda kukaa nyuma ya nyumba.

Afisa alikuwa dada mmoja mpole kutoka Nairobi, tumwite Njeri, viatu vya kutembea na kofia ya ukindu aliyonunua njiani. Tulimpokea uwanja wa kanisa kwa nyimbo, tukampa chai na mahamri, Mama Amina akamwonyesha pale tutakapojenga ghala, na magunia yale yaliyoota, ambayo tuliyaweka makusudi aone. Kila kitu kinakwenda vizuri, mimi tu ndiye siwezi kukaa, nasimama, nakaa, namimina chai kwa watu waliokwisha kunywa. Kisha Njeri akafungua begi lake, akatoa zile fomu thelathini, akazichanganya kama karata, akasema angependa kutembelea nyumba mbili tu, zozote, asikie kwa watu wenyewe. Ya kwanza ikawa ya Mama Amina. Nyumba ya haki. Aliuliza maswali, majibu yakalingana na karatasi neno kwa neno, nami nikaanza kupumua. Akavuta ya pili.

Ilikuwa ya Mwalimu Nzai, ng'ambo.

Hapa lazima niwaambie Mwalimu Nzai ni nani. Ni mzee mstaafu aliyefundisha shule yetu ya msingi miaka yake yote. Mwandiko huu ninaosifiwa nao ni wake, alinishika mkono akaniongoza herufi moja moja, na nilipokuwa darasa la nne, baba akitaka nikae nyumbani nichunge wadogo zangu, ni yeye aliyekuja jioni mbili mfululizo kuzungumza naye mpaka nikarudi shule. Huyo ndiye niliyekuwa nimemshushia alama kwenye safu ya mwisho, na kusema kweli wakati ule, nimesimama na birika mkononi, sikukumbuka hata nimemwandikia nini. Nilikumbuka tu kwamba sikwenda kwake.

Nikasema ng'ambo hakufikiki. Mama Amina akasema mtumbwi upo. Nikasema Mwalimu amesafiri Malindi. Mtu akasema ametoka kumwona asubuhi amevaa shati jeupe, amesikia kuna wageni. Nikasema basi, lakini jamani mle mkondoni kuna mamba, na mgeni wa watu. Mama Amina akaniangalia.

"Sidi, mimi jana nimevuka na kuku watatu," alisema. "Una nini wewe leo?"

Tukavuka. Mitumbwi miwili, Njeri na Mama Amina mbele, mimi na watu wengine nyuma, na upande wa pili wakaongezeka wengine, maana mgeni kwetu hatembei peke yake, mpaka tunafika kwa Mwalimu tulikuwa kama msafara wa harusi. Alikuwa amesimama uani na shati lake jeupe limepigwa pasi. Migomba imejaa nyuma ya nyumba, mahindi ya kuchoma yako tayari kwenye sinia, na mkewe anapakua ndizi za kuchemsha na samaki. Nikampa shikamoo. Akaipokea, akasema amefurahi sana kuona mwanafunzi wake ndiye analeta wageni. Nilitamani ule mtumbwi uwe umezama.

Njeri akala, akashukuru, akaanza kuuliza. Nyumba hii mnakula mara ngapi? Mwalimu akasema mara tatu, na chai ya saa nne kwa mazoea ya shule. Njeri akatazama karatasi. Choo kipo? Mwalimu akainuka, akatupeleka wote, akafungua mlango wa bati alioupaka rangi ya kijani mwenyewe, akasimama kando ili kila mtu aone. Njeri akatazama karatasi tena, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akauliza kwa sauti ya chini kama kuna Nzai mwingine kijijini. Hakuna Nzai mwingine. Mwalimu, mtu aliyesahihisha karatasi za watoto maisha yake yote, akaona uso ule akaujua.

"Kama hiyo karatasi ni yangu," alisema, "naomba niisome."

Njeri alisita, halafu akampa, maana kweli ilikuwa yake. Mwalimu akatoa miwani kwenye mfuko wa shati, akaipangusa, akaanza kusoma kwa sauti, pole pole, kama anayesomea darasa imla, na watu wote wametulia, hata samaki hawaliwi tena. Milo kwa siku, mmoja. Choo, hakuna. Mifugo, hakuna (kuku wake walikuwa wanapita katikati yetu). Akiba ya mbegu, hakuna. Mstari uliofuata akaupitishia kidole. Akarudia kwa macho bila kusoma. Kisha akasoma.

"Elimu ya mkuu wa kaya. Hakusoma."

Hakuna aliyecheka. Ningewashukuru kama wangecheka. Mwalimu akashuka mpaka chini ya karatasi, akaitazama ile alama ya wino, akaweka dole gumba lake pembeni yake kulinganisha, la kwake jembamba, lile la kwenye karatasi pana na fupi. Akauliza, bila kunitazama, kidole hiki ni cha nani.

Sasa mtakumbuka nyumba zilikuwa kumi na moja, na vidole nilivyoumbiwa mikononi ni kumi. Fomu ya Mwalimu ilikuwa ya mwisho. Kule kwenye saiba ya Abdi, chini ya meza, nilivua kandambili.

Nikasema, "Ni changu, Mwalimu. Ni cha mguu."

Hapo ndipo walipocheka, tena kicheko cha kuishiwa pumzi, mwenye mtumbwi alikwenda kujishikilia kwenye mgomba, na mimi miguu yangu, naapa, ilijificha yenyewe mchangani. Mama Amina hakucheka. Alivuta leso mdomoni akatazama mtoni. Mwalimu naye hakucheka, alikunja karatasi ikawa nne, akaniambia Sidi, nenda ukae pale, na mimi, mama wa watoto watatu, nikaenda nikakaa pale, kwenye gogo kando ya jiko, mikono magotini.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Njeri alikuwa bado na ukurasa mwingine, ule wa uendelevu, ule niliokuwa najivunia. Akamuuliza Mama Amina, kwa adabu tu, akitaka kuelewa: hapa mmeandika kwamba kila kaya itarudisha debe mbili za mbegu kila mavuno, na mabati yakichakaa jamii itanunua mapya, na hapa mmeandika kwamba kaya hizi hazina hata mbegu ya kupanda na zinakula mara moja. Itakuwaje mtu huyu mmoja awe na hali hizi mbili? Na mabati, mlipokaa mliamua nani anashughulika nayo?

Mama Amina angeweza kunifunika. Angesema lolote. Akasema, "Hilo hatujakaa kuliongea. Leo ndiyo nalisikia."

Njeri aliondoka kabla ya adhuhuri. Hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Pale kwenye gari alinivuta kando akaniambia ombi lile hawezi kulipeleka mbele, ila msimu ujao mlango utafunguliwa tena, na nikirudi nije na majibu yenye kasoro, maana watu halisi wana kasoro, hawashuki wote kwenye safu moja. Gari likaondoka. Yale magunia yaliyoota yalibaki pale uwanjani yakitutazama, na watu wakaanza kuondoka bila kuniaga.

Jumapili yake kikundi kikakutana. Nilisimama nikaomba radhi, nikasema najiuzulu ukatibu, nikaweka daftari na kalamu mezani. Nilitarajia, siwafichi, mtu mmoja aseme hapana Sidi, usifanye hivyo. Hakuna aliyesema. Mama Amina alivisogeza vile vitu vikarudi upande wangu, akasema nitajiuzulu nikimaliza nyumba kumi na moja.

Nikavuka. Kila siku mtumbwi, na kila nyumba ina adhabu yake, huku wananiuliza kama nimekuja na viatu, kule ananipokea mtu na beseni la maji ninawe miguu, na nyumba moja walinikalisha saa nzima kabla ya kujibu swali la kwanza. Nikaandika kila jibu. Kwa Mwalimu nilikwenda mwisho kwa uoga. Alinikaribisha ndani, si uani, akafunga mlango, akaniambia niulize lote kuanzia juu. Nikauliza. Tulipofika kwenye milo aliinuka akahakikisha mlango umefungwa sawasawa, nikafikiri bado ana hasira.

Halafu akasema kwamba siku za kawaida ni mara tatu, kama alivyosema mbele ya wageni. Lakini ule mwezi maji yalipokaa mashambani na barabara ikakatika, walikula mara moja, yeye na mkewe, na kuna siku walikunywa chai tu bila sukari, na mbegu aliyokuwa ameiweka chini ya kitanda waliila, hawakupanda. Mbele za watu hangeweza kulisema hilo. Hata wanawe walioko Mombasa hakuwaambia.

"Ungekuja kuniuliza ningekwambia," alisema. "Liandike. Lakini nitatia saini."

Nikaandika. Lile nililolibuni kwa uvivu lilikuwa karibu na kweli, na kweli yenyewe ilikuwa nzito kuliko uongo wangu, ina mwezi wake, ina chai yake, na ingetosha yenyewe kueleza kwa nini tunataka ghala, kama ningevuka maji siku ile.

Akaendelea kunishughulikia. Akataka nimsomee ukurasa wa uendelevu. Kila niliposoma "jamii itafanya", aliuliza jamii ni nani, nitaje jina. Nikawa sina jina. Ikabidi kikundi kikae, siku tatu, tena kwa ugomvi, mpaka tukajua ufunguo anashika nani na akihama anampa nani, nani anapanda juu paa likivuja, na debe ni moja, si mbili, kwa sababu mbili watu walisema wazi hawataleta. Mwalimu akashikilia pia tuandike kwamba mwaka wa mafuriko hakuna atakayerudisha mbegu, na ghala litafunguliwa kwa wenye njaa. Mimi nilipinga, nikasema wafadhili wakisoma hivyo watatukimbia. Akaniambia wakimbie sasa, kabla hatujawapikia samaki. Tukaandika.

Fomu yake aliisoma yote kabla ya kutia saini, akanionyesha herufi mbili nilizokosea, nikarudia ukurasa mzima.

Tumetuma. Hadi leo ninapowaeleza hawajajibu, na mimi kama mnavyoniona, simu haikai mfukoni, naitoa, nairudisha, jana ililia namba nisiyoijua nikatupa jembe nikakimbilia kwenye kilima cha mtandao, kumbe ni mtu amekosea namba anatafuta fundi wa friji. Mvua zimeanza huko juu, mto umeanza kubadilika rangi, na mbegu zetu bado ziko chini ya vitanda. Labda watatupa, labda hawatatupa, na wakitunyima sitakuwa na pa kuficha uso, kwa sababu ule msimu wa kwanza ulikuwa wetu na niliupoteza mimi. Lakini sitajaza tena maisha ya mtu nikiwa nimekaa Garsen. Ukatibu ninao bado. Nilipomaliza ile nyumba ya kumi na moja nilimpelekea Mama Amina daftari nikamkumbusha ahadi yake ya kuniachia, akalifungua, akasoma kurasa mbili tatu, akaniambia nirudi wiki ijayo, kuna nyumba mpya nne zimejiunga, na zote ziko ng'ambo.